Blanketi la Manasseh

Nyamoita aliuza ndizi katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii. Asubuhi moja ya mwaka wa 1973 alirudi nyumbani bila kuuza hata mkungu mmoja. Mwanawe Manasseh, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa ameshikwa na polisi. Alikuwa ameiba blanketi katika duka la Osman.

Nyumbani alimkuta Nyasani, ndugu ya marehemu mumewe.

"Achapwe viboko, afungiwe shule ya watukutu," Nyasani alisema. "Kama Andrew."

"Kama Andrew?" Nyamoita alicheka kicheko kibaya. "Andrew alirekebishwa kweli! Alirudi akijua kuvunja kila kufuli ya Kisii."

Andrew, kifungua mimba wake, aliiba viatu mwaka wa 1965. Hakimu hakuuliza neno. Walimchapa, wakamfungia pamoja na vijana waliozoea wizi. Mwaka huo wa 1973 alikuwa gerezani. Wakubwa wa serikali wamesahau. Sisi majirani hatujasahau.

Kisha akaja Persis, ofisa wa probesheni. Kazi yake ilikuwa kuchunguza maisha ya mtoto kabla ya hakimu kuamua.

"Mama, amewahi kuiba kabla ya hapa?"

"Hapana."

"Anapiga watu?"

"Huyo? Hata kuku ananiachia nichinje mimi."

"Osman anasema sanduku la pesa lilikuwa wazi. Manasseh hakuligusa. Huwa analala wapi?"

Nyamoita aliinamisha kichwa. "Alitahiriwa Desemba. Mvulana akitahiriwa halali tena katika nyumba ya mamake. Na hana saiga, kibanda chake. Analala sokoni, chini ya meza, na vijana wakubwa."

"Asiye na baba hujengewa na nani?"

Nyasani alikohoa. "Nilikuwa na kazi nyingi."

"Kazi ya pombe," Nyamoita alisema.

"Sikilizeni," Persis alisema. "Mtoto huyu si hatari. Ana baridi, na ana marafiki wabaya. Mkimfungia na wezi, mnampa walimu wa wizi. Akilala nyumbani, karibu na mtu wa kumwangalia, atatulia. Lakini kosa ni kosa. Atalilipa kwa kazi."

Hakimu alikubali. Nyasani alichimba mashimo ya nguzo huku akinung'unika, lakini alijenga. Manasseh alifagia duka la Osman mpaka deni la blanketi likaisha. Osman alimwita "mwizi wangu", kisha akampa chai. Persis alikuja mara kwa mara kumwangalia. Kijana hakushikwa tena. Siku hizi anachonga vinyago vya mawe huko Tabaka.

Mvua za mwaka ule wa blanketi zilipoanza, Nyamoita alikwenda gerezani kumwona Andrew.

"Manasseh analala wapi?" Andrew aliuliza.

"Baba yako mdogo amemjengea saiga."

Andrew pia alikuwa amelala chini ya meza zile za sokoni. Hakuna aliyemuuliza analala wapi.

"Ina mlango?"

"Ina mlango, mwanangu."

Andrew aligeuza uso, akautazama ukuta.