Dakika Ishirini za Bi Lenke

Asubuhi ile jikoni kwa Bi Lenke, kule Budapest, palikuwa na amani. Mikate midogo ya chumvi ilikuwa bado ya moto, chai ya limau imeshamiminwa, na bibi mwenyewe alikuwa amevaa gauni lake la buluu la kwendea shuleni. Kila mwaka alialikwa kuwasimulia wanafunzi jinsi Wayahudi wa mji huo walivyouawa wakati wa vita, naye akiwa mtoto wa miaka saba. Ndipo bintiye, Marta, akaingia na simu mkononi.

"Mama, mwalimu anaomba ufupishe. Vijana wanachoka."

"Wale askari waliotufukuza nyumbani walitupa dakika tano tufungashe. Mwalimu ananipa ngapi?"

"Ishirini."

"Basi huyo mkarimu."

Marta hakucheka. "Na kile kipande cha habari za mdogo wako kiache. Unalia, presha inapanda, tunahangaika sote."

Bi Lenke hakubishana. Alikuwa amechoka, jamaa zangu, amechoka kuwaombea nafasi maiti wake. Kipande hicho kilikuwa cha Pali, mtundu wa miaka minne, aliyeficha mkate mkavu ndani ya soksi na kumng'ata dada yake alipougusa. Alikufa kwa njaa na baridi katika mtaa waliofungiwa, kichwa chake begani kwa Lenke. Zamani bibi alisimulia yote. Alipoambiwa apunguze, aliacha habari za soksi. Baadaye akaacha jina, akawa anasema "mdogo wangu" tu. Siku hiyo akamwacha mzima mzima, na miaka iliyofuata vilevile. Hadithi ikawa nyepesi, na walimu wakashukuru.

Mwaka huu, darasani, msichana mmoja alinyoosha mkono. "Bibi, hukuwa na kaka wala dada?"

"Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume," akajibu. "Alikuwa anaitwa..."

Akajaribu tena, jina likagoma kuja. Wanafunzi walisubiri kwa adabu. Hakuna aliyetazama saa. Mwishowe akamgeukia Marta, aliyekaa mstari wa nyuma.

"Mwanangu, yule mtoto alikuwa anaitwa nani?"

Marta alisimama. Miaka yote alimsindikiza mama yake, akakaa pale pale nyuma, akajibu ujumbe kwenye simu. Alimtazama mama yake, akamtazama mwalimu, kisha akaketi. Hakujua.

FUNDISHO

Walionusurika wanazidi kupungua, na tunaowaharakisha ni sisi wa nyumbani, huku tukiwasingizia vijana. Aliyeuliza siku ile alikuwa kijana. Tuwaache wazee waseme mpaka wamalize, hata wakilia, nasi tuwaulize majina ya waliokufa na tuyashike. Mtoto yule hana kaburi wala picha. Alikuwa na dada yake tu wa kumtaja. Ninyi mmeshasikia kwamba aliitwa Pali. Mkiulizwa, msinyamaze.