Safu ya Shahidi

Jambo la kwanza lilikuwa dogo mno: pedi ya pili ya kuchezea gemu ilikuwa na joto.

Cornel aliigusa kwa bahati tu, akiisogeza ili aketi, Jumapili ya kwanza ya Desemba, yeye na mkewe Generosa walipotoka kanisani. Gemu lilikuwa halijawashwa tangu Ijumaa. Cornel alisoma sheria, na kazi yake hapo Masumbwe ilikuwa kuandika mikataba baina ya wachimbaji na wenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu. Hakuwa mtu wa kukubali dai bila kulipima. Akalipima. Jua? Dirisha lilitazama mashariki, na ilikuwa saa nane mchana. Chaji? Waya ulikuwa kwenye droo. Generosa? Walikuwa kwenye benchi moja tangu asubuhi. Hata hivyo joto lile lilikuwa joto la viganja: limekolea pale vidole vinapokaa, limefifia kwingine. Akaipangusa pedi kwa kitambaa, akaiweka kando. Dai lisilo na ushahidi wa kutosha, alijiambia, halikubaliwi wala halitupwi, linaachwa lilivyo.

Pedi ile ilikuwa ya Ignas, na Ignas alikuwa kaburini tangu Septemba.

Kwa miaka sita, Cornel na rafiki yake huyo wa tangu sekondari walitunza daftari la michezo waliyoimaliza kila mwaka. Safu zake Cornel alizipiga kwa rula: nambari, jina, tarehe, saa zilizotumika, tafakuri ya sentensi moja, na shahidi. Mchezo haukuandikwa mpaka majina yote ya watengenezaji yapite kwenye runinga mbele ya macho ya watu wawili, na wa pili aweke sahihi. Kwa kuwa majina ya Kiingereza yalikuwa marefu, waliyabatiza upya. Nambari moja ya mwaka huu, Mkulima, saa sitini na moja: "Tumevuna mara kumi na sita, hatujala hata mara moja." Nambari mbili, Mnara: "Nilimuua mfalme, nikakuta aliyenituma ni mbaya kuliko mfalme." Nambari tatu, Mbio: "Ignas kashinda kwa hila, pingamizi limepokelewa."

"Pingamizi limetupwa," Ignas alisema siku ile, akicheka huku akitia sahihi. "Andika vizuri, Wakili: mlalamikaji hajui kukata kona."

Siku ya mwisho ya mwaka walikuwa na desturi yao. Mmoja alisoma orodha kwa sauti, na kila jina lilipotajwa, mwenzake aliuliza, "Halafu?" Ikaendelea hivyo mpaka msomaji aseme, "Halafu basi, mwaka umekwisha."

Mwaka huu walikuwa wamefikisha michezo kumi na mmoja duara alilokuwamo Ignas lilipoporomoka. Watu waliokuwa juu walimsikia akigonga jiwe: mara tatu, kimya, mara tatu. Aligonga siku mbili. Siku ya nne walimtoa.

Msibani, kabla jeneza halijashushwa, msemaji wa ukoo alisimama kama ilivyo ada. "Anayemdai marehemu, au aliyebaki na kitu chake, au na neno lake lolote, aseme hapa mbele ya ndugu. Tusije tukasumbuana baadaye." Mtu mmoja alisema anayo sururu ya marehemu. Cornel alikuwa na neno. Yeye na Ignas walikuwa wamepeana mkono kwamba mchezo wa kumi na mbili, waliouita Kamba, watauhitimisha pamoja kabla ya mwaka kwisha. Ndani yake wapandaji wawili wamefungwa kamba moja, na hakuna anayesogea mwenzake asipomshikilia; walikuwa wamebakiza mlima wa mwisho. Lakini mtu mzima asimame, mbele ya jeneza na kina mama wanaolia, aseme wameachiana gemu? Ahadi ile haikuwa na nguvu ya mkataba, alijihukumia, na kifo kilikuwa kimeitengua. Akanyamaza.

Generosa ndiye aliyeliamsha jambo, siku mbili baada ya ile Jumapili. Binti yao Rhoda alikuwa likizo kwa bibi yake huko Chato, na nyumba ilikuwa kimya.

"Baba Rhoda, unaitazama hiyo pedi kama unaisikiliza. Lete tuumalize wote huo mchezo. Daftari lifungwe, na wewe upumzike."

"Hujui kucheza."

"Na wewe hukujua kuosha vyombo. Umeshajifunza?"

Generosa akaketi kwenye kiti cha Ignas. Siku ya kwanza alianguka mlimani mara arobaini, akicheka. Siku ya pili hakucheka. Siku ya tatu aliruka korongo kabla hawajahesabu pamoja, akiinamisha bega la kushoto, na mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kuruka hivyo mbele ya runinga ile.

"Nani amekufundisha hiyo?"

"Nimejikuta tu."

Hapo pedi ilitetemeka mikononi mwake. Mara tatu, kimya, mara tatu. Cornel akausimamisha mchezo, na pedi ikatetemeka. Akazima mtambo, akachomoa waya ukutani, na pedi, ikiwa juu ya meza, peke yake, mchana kweupe, watoto wa jirani wakipiga kelele nje, ikaendelea kugonga mbao kwa mpangilio uleule, bila haraka. Chumba kikajaa harufu ya tope la chini kabisa, moshi wa baruti na magogo yaliyooza.

Tangu siku hiyo Generosa akawa anapungua. Alikula tonge mbili akasukuma sahani. Sauti yake ilikwaruza kama ya mtu aliyemeza vumbi. Chini ya kucha zake kulikuwa na udongo mwekundu, ingawa wiki nzima hakugusa jembe, na Cornel alipouosha kwa maji ya moto na sabuni aliukuta tena saa moja baadaye, mbichi. Zahanati walipima damu, wakakuta hana malaria, hana taifodi, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Na kila alasiri, usingizi ulipomchukua kwenye kochi, midomo yake ilianza kutembea, na Cornel aliyepiga magoti kuisikiliza alimsikia akitaja, kwa mpangilio usiokosewa, michezo ambayo hakuwahi kuisoma popote, Mkulima, Mnara, Mbio, akipumzika baada ya kila jina kwa kadiri ya muda ambao mtu mwingine angehitaji kuuliza swali, kisha akiendelea, kana kwamba swali limeulizwa.

Cornel akamtafuta Mwigulu, mchimbaji aliyekuwa mbele kabisa ya waliomchimbua Ignas. Alimkuta kwenye karasha, wanakosaga mawe, akamvuta nyuma ya mashine.

"Mwigulu, tangu msiba unanikwepa."

"Sikukwepi, Wakili."

"Juzi uliruka mtaro uliponiona."

Mwigulu alifuta vumbi usoni, akapakaza zaidi. "Siku ya pili tulimfikia karibu. Limebaki jiwe tu kati yetu. Tukamsikia anataja vitu. Mkulima, sijui Mnara. Tukasema njaa imemvuruga." Akashusha sauti. "Kulikuwa na mtu anamwitikia. Kila akitaja kimoja, anaulizwa, 'Halafu?'"

"Mwangwi."

"Mwangwi unarudisha ulichosema wewe. Huu ulikuwa unauliza. Na yeye anajibu anafurahi, Wakili. Anafurahi kabisa, kama mtu aliyefikiwa. Akaacha kugonga. Tukapoteza mahali alipo."

"Ilikuwa sauti ya nani?"

Mwigulu alitazama buti zake. "Yako."

Siku hiyo Cornel alikuwa Kahama, mtaa wa Nyasubi, akisimamia mkataba wenye tarehe, mhuri na mashahidi wanne. Ushahidi kwamba hakuwapo duarani ulikuwa kamili, nao ndio uliomtoa jasho njia nzima ya kurudi nyumbani, kwa sababu kama si yeye aliyekuwa gizani akimwitikia rafiki yake kwa upole mpaka rafiki akaacha kugonga, basi alikuwako mwingine, aliyeijua desturi yao, aliyeisikiliza orodha ile mpaka akaihifadhi, na ambaye sasa alikuwa ameketi kwenye kiti cha pili sebuleni kwake.

Cornel akampeleka mkewe kwa mganga Agnetha, ng'ambo ya soko. Alikuwa mama wa makamo aliyevaa fulana ya kwaya, na cheti chake cha uganga kilitundikwa ukutani. Cornel alikisogelea.

"Hakijaisha muda," Agnetha alisema. "Umemaliza kukisoma? Haya, kaa."

Alimtazama Generosa, aliyekuwa amesinzia hajitambui, akamnusa kucha, akamgeukia Cornel.

"Maiti hawarudi, mwanangu. Lakini kule chini kuna majini, nao wana mahali pao. Jini huyu hana sauti yake mwenyewe, anaazima. Alimkuta mtu anahesabu gizani, akajifanya wewe. Sasa anajifanya marehemu kwa mkono wa mkeo. Na mlango umempa wewe. Kuna neno la marehemu ulilimeza msibani."

Cornel hakuwa amemwambia mtu yeyote. Angeweza kukisia, aliwaza. Watu wengi humeza maneno misibani. "Na mke wangu?"

"Mchezo ukiisha, na yeye ameisha. Kwa hiyo usiishe. Nenda kwa mama mzazi wa marehemu, ulitaje hilo neno mbele ya ndugu, akufungue. Daftari mlichome palepale, jivu libaki huko. Na orodha hiyo isisomwe tena kwa sauti, na mtu yeyote."

Walifika kwa mama yake Ignas, Bi Nyamizi, siku iliyofuata. Generosa alilazwa mkekani. Hakuweza tena kukaa. Ndugu walikusanyika.

"Shikamoo, mayu," Cornel alisema, akimwita mama kwa lugha ya nyumbani.

"Marahaba, mwanangu. Sema."

Cornel alisimama kama mshtakiwa. Alieleza yote: kupeana mkono, mlima wa mwisho, kunyamaza kwake. Kijana mmoja aliguna kucheka, akakatizwa kwa jicho.

"Gemu," Nyamizi alisema. "Aliniambia. Alisema, mayu, Desemba usinihesabu shambani, nina kazi na Wakili." Akacheka, na kicheko kikageuka kilio katikati. "Ulitunyima neno lake zuri, ukatuachia maneno ya kilio tu. Basi. Kwa niaba ya mwanangu, nimekufungua."

Agnetha aliwasha moto, akatupa dawa iliyotoa moshi mweusi wenye harufu ya baruti. Cornel akaweka motoni bahasha ya kaki, ikaungua. Generosa alijikunja, akakohoa, akatema bonge la tope jekundu lenye ukubwa wa ngumi ya mtoto. Kisha akaomba maji. Jioni aliomba ugali.

Ndani ya bahasha ile kulikuwa na daftari jipya, tupu. Lile la kweli Cornel alikuwa amelifungia kwenye kabati la mafaili. Si kwamba hakuamini, alipima. Kosa lilikuwa kunyamaza, nalo limekiriwa. Mwenye haki amesamehe. Kuchoma karatasi kusingeongeza kitu. Tena katika safu ya shahidi zilikuwamo sahihi zote za Ignas, kumi na moja za mwaka huu na za miaka ya nyuma, zenye mkia mrefu chini ya herufi ya mwisho. Hakukuwa kumebaki mwandiko wake mwingine popote.

Siku ya mwisho ya mwaka, saa tisa alasiri, alikwenda kituo cha mabasi kumpokea Rhoda. Generosa alibaki akipika, amerudi mwili, anaimba. Njiani Rhoda alieleza habari za samaki na za mbwa wa bibi, na Cornel alimsikiliza kwa furaha aliyokuwa ameisahau.

Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Aliinua mkono abishe, akasikia Generosa akisoma.

"Mkulima."

"Halafu?"

"Mnara. Mbona siku zote unalifunga hili kabati, Baba Rhoda? Kumbe mlikuwa mnaandika vichekesho humu!"

"Halafu?"

Sauti iliyouliza ilikuwa ya Cornel. Ilikuwa na kikohozi chake kidogo kabla ya neno, na ule upole anaoutumia akizungumza na mkewe peke yake, na alipoisikia alielewa, kwa uwazi wa mtu anayesoma kifungu alichokiruka mwanzoni, kwamba Nyamizi alisamehe kwa niaba ya mwanawe, na aliyekuwa akiuliza hakuwa mwanawe, wala hakuhudhuria, wala hakufungwa na neno lolote lililosemwa pale.

Alisukuma mlango kwa bega. Komeo halikucheza. Generosa alisoma kwa haraka zaidi, akifurahia, mpaka wa kumi na mmoja.

"Halafu?"

"Wa kumi na mbili, Kamba. Tarehe ya leo." Ukurasa ulichakarika. "Lakini Baba Rhoda, hapa kwa shahidi mbona umeniandika mimi?"

"Halafu?"

Cornel alifungua kinywa amwite, akakifunga tena, kwa kuwa ndani kulikuwa na sauti ileile, karibu naye zaidi, na Generosa hakuwa na namna ya kuthibitisha, kupitia mlango, ni ipi ya mumewe. Harufu ya tope ilipita chini ya kizingiti. Rhoda alimshika mkono, akamtazama, kisha akautazama mlango.

"Baba," alinong'ona, "kumbe uko ndani?"