Kosa Langu la Ukurasa wa Arobaini

"Weka chini hicho kijiko!"

Nilimpiga mkwe wangu mkono, dawa ikamwagika kwenye shuka. Mjukuu wangu, homa imempanda, akaanza kulia.

"Mama, una nini? Ulikuwa bafuni, nikauliza app ya dawa kwenye simu. Imesema kijiko kikubwa."

Jamani... kijiko kikubwa!

Kosa hilo ni langu. Mimi ni mfamasia mstaafu, niliandika kitabu cha dawa za watoto. Chapa ya kwanza, ukurasa wa arobaini, niliweka kijiko kikubwa badala ya kidogo. Nilizunguka maduka yote kukusanya nakala hadi viatu vikaisha soli.

Kampuni ya hiyo app ilibeba kitabu changu kizima bila hata hodi. Nilikuwa nimeishtaki tayari, ikawa inakana.

Nikampigia wakili wangu.

"Usiwaambie. Kosa hilo liko kitabuni mwako tu, huo ndio ushahidi tuliokuwa tunautafuta. Wiki tatu tu, tufike mahakamani."

"Na watoto watakaonyweshwa hizo wiki tatu?"

Nikakata simu.

Nikawapigia kampuni. Jioni ile ile wakarekebisha. Wakanitumia ujumbe: "Asante kwa maoni yako."

Siku ya kesi, kosa lile lilikuwa limewaumbua, kunakili hawakukana tena. Wakili wao, dada mpole kweli, akaniuliza:

"Mama, uliomba app ifungwe?"

"Hapana. Irekebishwe."

"Kwa nini?"

"Watu wanaitegemea."

"Basi umetujibia."

Hakimu akasema ni kweli wamenakili, ila app inasaidia wengi. Nikashindwa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nikajipa moyo, angalau watoto wako salama. Kumbe...

Juzi nimeletewa barua ya mahakama. Kuna baba alimnywesha mwanawe kijiko kikubwa cha app, akamzika wiki moja kabla ya simu yangu. Ameishtaki kampuni. Nao wanajitetea kwamba kosa lilitoka kitabuni, wamwulize mwandishi. Wametaja jina langu kamili, mpaka ukurasa.

Miaka miwili niliwabembeleza waliandike jina langu. Hii ndiyo mara ya kwanza wameliandika.

Nyie mnaosoma, funzo ni hili. Ukiiba kuku mmoja, wewe ni mwizi. Ukiiba banda zima ukagawa supu mtaani, unaitwa mfadhili, na mtu akikabwa na mfupa, anayeitwa kujibu ni mwenye kuku.

Kesho nakutana na yule baba. Sina cha kumwambia, maana kosa ni langu kweli.