Fomu Mbili, Simu Moja

Je, wewe ukiulizwa unalala wapi, unaweza kujibu bila kuona haya?

Fundi cherehani mmoja hakuweza. Nyumba waliyopanga iliuzwa. Tangu hapo yeye na wanawe wawili walilala dukani, chini ya meza ya kukatia vitambaa. Mumewe, mlinzi wa ghala, alilala kwenye kibanda cha getini. Kila asubuhi fundi alikunja godoro, akalificha nyuma ya vitambaa, akafungua duka kama mtu aliyetoka kwake.

Jumatano moja mwenye duka aliliona lile godoro.

"Mama, hapa ni mahali pa kazi. Ijumaa nisiwakute."

Fundi alifunga duka. Akamfuata mumewe getini, wakaenda mbiombio ofisi ya makazi, ambako fundi alikuwa ameomba nyumba. Karani wa huko alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Alitafuta jina la fundi kwenye orodha. Kidole chake kikasimama.

"Umeandika huna mume."

Fundi alimtupia mumewe jicho.

"Na katika mji wa jirani kuna mwanamume ameandika hana mke wala mtoto. Lakini namba yake ya simu ni hii yako. Huyu kapera anapokelewa simu na wewe?"

Mlinzi alikohoa. "Kapera ndiye mimi."

"Makubwa haya!"

"Tusamehe, dada," fundi alisema. "Tulidhani tukijigawa tutapata bahati mbili. Huku wakikataa, kule watakubali. Tutafungwa?"

"Hakuna wa kufungwa. Sikilizeni. Zamani kila mji ulikuwa na fungu lake la fedha. Sisi tuna mabweni ya dharura, ila hatuna nyumba za bei nafuu. Wenzetu wana nyumba, ila hawana mabweni. Tukawa tunarushiana watu kama mpira. Sasa miji mitatu imeweka fedha katika mfuko mmoja. Orodha nayo ni moja. Familia yenye watoto isiyo na pa kulala inatangulia."

"Si ndiyo sisi?"

"Hamkuandika hivyo! Baba ni mtu mmoja mwenye kibanda. Wewe umeandika unakaa kwa kaka yako."

"Kaka alinipa anwani tu. Nafasi hana."

"Basi sema hivyo. Nafuta hizi mbili, naandika moja. Fanyeni haraka, orodha ya wiki hii inafungwa saa kumi."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika kumi.

"Mnalala wapi?"

Fundi aligeuka. Kwenye benchi nyuma yake alikaa mteja wake, amevaa gauni alilomshonea yeye. Kalamu ya karani ilingoja.

"Mama, muda."

"Chini ya meza ya kazi," fundi alisema. Benchi zima lilisikia. "Mimi na watoto. Baba yao analala getini."

Yule mteja aliinamisha macho. Karani aliandika.

"Mnataka nyumba ya namna gani?"

"Yenye maji. Na karibu na shule."

"Na wewe, baba?"

"Yoyote tu."

"Yoyote ndiyo ipi?"

"Yoyote, dada."

Waliweka sahihi, zikiwa zimebaki dakika mbili.

Alhamisi walipewa chumba katika bweni la familia, wote wanne pamoja. Baada ya wiki sita simu ilipigwa. Imepatikana nyumba ya vyumba viwili katika mji wa jirani, kodi kulingana na kipato. Karani alikwenda nao kuwakabidhi ufunguo.

Watoto walikimbilia bombani. Fundi alianza kupima dirisha kwa futi yake, tayari kwa pazia. Mlinzi alibaki mlangoni. Aliufunga mlango kwa ufunguo, akaufungua, akaufunga tena.

"Baba nanihii, mlango una kasoro?" mkewe aliuliza.

"Hauna. Miaka tisa nafunga milango ya watu, halafu nabaki nje. Nilitaka siku moja nifunge wangu, nami niwe ndani."