Kila Ijumaa Saa Tatu

Duka la kompyuta lilijaa pomoni asubuhi hiyo. Mtafsiri, ndani ya gauni la kijani, alijipenyeza hadi kaunta, laptop yake yenye mfumo wa Linux kifuani. Fundi mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi akaipokea kwa mikono miwili.

"Haioni mtandao wowote."

Fundi akaandika amri mbili tatu. "Kadi ya mtandao ni nzima. Waifai ndiyo imezimwa na programu. Nipe nywila niiwashe."

Akampa nywila. Namba ya simu nayo akampa, wala hakuombwa mara mbili.

Tangu hapo, kila Ijumaa saa tatu asubuhi, mtandao ukawa unakatika, na kazi za Mtafsiri zilitakiwa kufika ofisini kwa bosi wake kabla ya saa sita. Alikwishaonywa mara mbili. Ya tatu, kazi hana. Bahati nzuri, fundi alifika upesi kila alipopigiwa, akinukia sabuni.

"Laptop yako inanipenda, kipenzi."

"Kuliko mimi?"

"Wewe unajivuta."

Mapenzi yana macho, ila huwa yanatazama kwingine.

Ijumaa moja fundi alikuwa mazishini, simu imezimwa. Mtafsiri akampigia kaka yake, mtumiaji wa Linux wa siku nyingi.

"Dada, fungua ratiba ya amri zinazojiendesha kwenye laptop. Nisomee."

Akasoma: kila Ijumaa, saa tatu, zima waifai.

"Hiyo si hitilafu, kuna mtu kaiandika. Kikulacho ki nguoni mwako. Washa, tuma kazi yako, halafu badilisha nywila."

Kazi ilifika zikiwa zimebaki dakika nne. Nywila hakuibadilisha, alitaka kwanza amsikie mwenyewe.

"Ni wewe?" akamuuliza kesho yake.

Fundi hakukana. "Nilikosa sababu ya kuja, laazizi. Nisamehe. Tazama, naifuta." Mstari ukatoweka. Kisha akapiga goti na kutoa pete. Mtafsiri aliogopa, lakini alimpenda, tena sana. Akanyoosha kidole.

Ijumaa ikarudi. Saa tatu kamili, alama ya mtandao ikazimika. Akafungua ratiba. Tupu.

"Hodi, kipenzi," sauti ile tamu ikasikika mlangoni. "Mtandao umekatika tena? Nifungulie."

Mtafsiri alikuwa hajampigia mtu. Akanyata hadi mlangoni, akaufunga zaidi, akazungusha ufunguo mara ya pili.