Kitendo cha Marehemu

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatatu, mpimaji wa programu aliliona jina la kaka yake kwenye skrini. Kaka alikuwa kaburini tangu mwezi wa kwanza.

Alikuwa akitafuta kwa nini pampu ya hospitali ilimzidishia mgonjwa dawa maradufu. Programu ya pampu hizo hupita kwenye mtambo mmoja: unakusanya kazi ya mafundi, unaipima, unaifunga tayari kwa kupelekwa. Mafundi huruhusiwa kuuongezea vitendo vyao, yaani amri ndogo ndogo za ziada. Katikati, baada tu ya kipimo cha dozi, palikuwa na kitendo kisichojulikana: kipimo kikifeli, andika kimefaulu. Mwandishi: kaka. Tarehe: mwezi mmoja kabla ya kifo.

"Ewe Mola, usiniache," alinong'ona. Kila mtambo ulipozunguka, jina lile lilipita, kana kwamba marehemu bado anaingia kazini.

"Pole, dada," alisema kiongozi wa timu, waliyemwita Chapuchapu. "Ndugu yako alikuwa hodari, ila binadamu si malaika. Mkurugenzi anaandika ripoti saa nane. Tukubali, yaishe."

"Kama kuna aliyetumia jina lake?"

"Nani? Kompyuta yake si anayo wifi yako?"

Akampigia simu mjane wa kaka yake.

"Wifi, mimi?" Mjane alicheka kwa uchungu. "Hata hii simu hunishinda! Kompyuta niliirudisha wiki ile ile ya mazishi. Aliipokea bosi wenu, yule wa harakaharaka."

Mpimaji hakumkamata mtu kwa hilo. Kupokea si kosa. Alifungua kumbukumbu za mtambo, akasoma mstari kwa mstari hadi saa saba na nusu. Hapo akachapisha ukurasa mmoja.

Saa nane, mbele ya mkurugenzi, alisema, "Mtambo wa zamani ulikubali vitendo vya nyongeza mwishoni tu. Kuchomeka katikati kulianza tulipofunga mtambo mpya, mwezi wa tatu. Tarehe hughushiwa. Lakini marehemu hawezi kuandikia mtambo ambao hakuukuta. Mwezi wa tatu, kompyuta yake ilikuwa kwa nani?"

Chapuchapu alikiri.

"Kipimo kilifeli mara tisa," alisema. "Nilikuwa nimeahidi kazi iwe tayari Ijumaa. Nikadhani kipimo ndicho kibovu. Na maiti haoni haya."

"Wenye haya tumebaki sisi," mpimaji alimjibu.

Mkurugenzi alichukua kitambulisho cha Chapuchapu na kuita walinzi. Mpimaji akakiondoa kile kitendo, akauzungusha mtambo. Kipimo kikafeli, kama ilivyostahili. Jina la kaka halikupita tena, naye akajikuta analitafuta.

Akampigia mama yake, akamweleza yote.

"Mgonjwa anaendeleaje?" mama aliuliza.

"Amefumbua macho, mama."

"Alhamdulillahi. Basi leo, tukimwombea kaka yako, tuwaombee wawili. Huyo mwenye haraka naye amezaliwa na mtu."