Hifadhi ya Nne

Kwanza ilikuwa harufu: udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa asubuhi, na ilitoka kwenye simu. Wachuka, karani wa rekodi katika hospitali moja mjini Nyeri, alikuwa akitafuta jina la mgonjwa. Simu ya kazini ilipekua hifadhi tatu za kumbukumbu kwa mpigo mmoja, ya wodi, ya maabara na ya famasi, neno kwa neno. Adhuhuri hiyo, simu ilileta majibu kutoka hifadhi ya nne. Haikuwa na jina.

Kwa kujaribu, akaandika jina lake mwenyewe. Wodi, hakuna. Maabara, hakuna. Famasi, hakuna. Ile ya nne ilikuwa na mstari mmoja: "Mchukue Wachuka, uniachie Mwai."

Alipougusa, sauti ilitoka ikinong'ona na kulia, na ilikuwa ya Wakiuru, dada yake mkubwa, mama yake Mwai, mtoto aliyekuwa mahututi wodini hivi majuzi, ambaye Wachuka alimbeba mgongoni akimwimbia mpaka akapona ghafla bila daktari yeyote kujua kwa nini.

Akakimbilia mtaa wa Majengo kwa Maalim Gure, mzee anayewasomea Kurani watu waliopagawa na majini. Maalim aliiweka simu ile mkekani, akasoma. Ikatetemeka. Sauti nzito, kama ya mtu mwenye mchanga kooni, ikasema:

"Sikuiba. Nilipewa."

"Aliyekutoa kafara ndiye anayeweza kukurudisha," Maalim alimnong'oneza Wachuka. "Mpigie."

Wachuka akapiga kwa simu yake mwenyewe.

"Dada, sema umekataa. Sema unanirudisha."

Wakiuru akasema, "Si unasikia Mwai akicheka huko nje? Ati nirudishe nini sasa?"

"Mimi ni damu yako!"

"Najua. Ndiyo maana jini lilikubali."

Akakata simu.

Pale mkekani, kwenye simu ya kazini, kisanduku cha kutafutia majina kilifunguka chenyewe.

"Hata wewe unaweza kunipa mtu," sauti ikasema. "Andika jina."

Kidole cha Wachuka kiliandika M, kikaandika w, halafu akakumbuka joto la yule mtoto mgongoni mwake, na pumzi yake ndogo shingoni, akazifuta herufi zote mbili akilia.

Alipoinua macho, Maalim alikuwa ameacha kusoma, amesharudi nyumanyuma hadi mlangoni, hamtazami.

"Nisamehe, binti yangu. Wewe ni wake sasa," alisema, akaufunga mlango kwa nje.